Pedali ngumu, gari halisimami: breki za Chevrolet ya 1951 yenye injini ya V8

*"Fundi, habari za kazi. Nina pikapu ya Chevrolet ya mwaka 1951 niliyoachiwa na babu. Nimeiunda upya mwenyewe nyumbani hapa Nakuru: injini ni 1UZ ya Toyota Crown, ekseli ya nyuma ni ya Hilux pamoja na dramu zake, na mbele nimebakiza ekseli ya asili ila fundi wa jua kali alinichongea vishikio nikafunga diski na kalipa za Hilux. Masta ya breki pia ni ya Hilux, ina namba 15/16 ubavuni, na nimeifunga chini ya sakafu palepale ilipokuwa ya zamani. Busta hakuna. Ile vali ya Hilux iliyounganishwa na ekseli ya nyuma niliitupa. Pedali ilibidi niikate ipishane na gia boksi. Kutoka pini hadi pale mguu unapokanyaga ni sentimita 28, na kutoka pini hadi fimbo ya masta ni sentimita 7. Sasa asubuhi lazima nikanyage mara mbili ndipo breki ishike. Ikishika, pedali inakuwa ngumu kabisa lakini gari linasitasita kusimama. Juzi mvua ikinyesha, nyuma ilikamata yote nikazunguka barabarani. Fundi mmoja anasema niweke masta ya inchi moja ya Land Cruiser, wa pili anasema nifunge busta ya Noah, wa tatu anasema niweke diski na nyuma. Nimsikilize nani?"*

Ndugu yangu, gari hilo lisitoke uani mpaka haya yaishe. Lililozunguka mara moja kwenye maji litazunguka tena, na safari hiyo huenda kukawa na bodaboda pembeni. Lakini nakushukuru kwa kuleta vipimo. Wengi huniandikia "breki hazishiki" na kuishia hapo, nami nabaki kubahatisha.

Malalamiko yako ni matatu na hayatokani na ugonjwa mmoja. Kukanyaga mara mbili asubuhi kunatokana na mwendo wa pedali unaopotea bure. Pedali ngumu na gari lisilosimama ni hesabu ya mguu na masta (silinda inayogeuza msukumo wa mguu kuwa presha ya mafuta) ambayo haijakaa sawa. Nyuma kukamata mapema, yaani magurudumu kuacha kuzunguka gari likiwa bado linakwenda, ni mgawo mbaya kati ya mbele na nyuma. Mafundi wako wawili wameona kipande cha ukweli. Mmoja ameshika kinyume, na ni yule wa masta kubwa.

Imani kwamba masta kubwa huleta nguvu nyingi imeenea sana gereji, na naelewa inakotoka. Ukifunga masta kubwa pedali inakuwa fupi na imara, inasimama juu, na fundi akiikanyaga gari likiwa limeegeshwa anaridhika. Barabarani ndipo deni linadaiwa. Presha ndani ya paipu ni nguvu ya fimbo ikigawanywa kwa eneo la uso wa pistoni. Ukiongeza eneo, nguvu ileile inatandazwa na presha inashuka.

Tufanye hesabu yako. Mtu mzima akikanyaga kwa bidii, bila kufikia hofu ya kufa, mguu hutoa kama kilo 40, yaani nyutoni 400 hivi. Pedali yako ni 28 kwa 7, kwa hiyo inazidisha mara nne: fimbo inasukuma masta kwa nyutoni 1,600. Masta ya 15/16 ina kipenyo cha milimita 23.8 na uso wa milimita za mraba 445. Hapo unapata kama psi 520 (pauni kwa inchi ya mraba). Ukiweka hiyo ya inchi moja, uso unakuwa milimita za mraba 507 na presha inashuka hadi psi 460. Ungelipa pesa ili breki zipungue. Ukishuka hadi 7/8, uso ni 388 na presha inapanda hadi karibu psi 600.

Na psi 600 bado haitoshi. Diski za mbele za gari la uzito huu, kwa kusimama kwa nguvu, zinataka psi 900 au zaidi. Hapa ndipo wengi hushangaa, kwa sababu babu yako aliendesha gari hilohilo bila busta (kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu kwa vakyumu ya injini) na mguu wake haukuchoka. Tofauti ni dramu. Dramu ikizunguka hukivuta kiatu cha mbele na kukibana zaidi ukutani, kwa hiyo magurudumu yenyewe yanausaidia mguu. Diski haina msaada huo. Padi inabana kwa kiasi ulichoisukuma, basi. Diski inaishinda dramu kwa kuvumilia joto, kukauka haraka ikilowa maji na kushika sawasawa kushoto na kulia, lakini inadai presha, na presha hiyo lazima itoke mahali.

Mahali pa kwanza pa kuitafuta ni pedali yako yenyewe. Gari lisilo na busta hutaka pedali inayozidisha mara sita hivi, hata saba. Mara nne ni pedali ya gari lenye busta. Ulipoikata ipishane na gia boksi uliondoa theluthi nzima ya nguvu ya mguu bila kujua. Ukirudi kwenye mara sita na kuweka masta ya 7/8, mguu uleule wa kilo 40 unatoa karibu psi 900. Hujanunua diski kubwa wala busta. Umehamisha tundu moja na kubadilisha masta.

Sasa usikimbilie drili. Presha haipatikani bure, unailipa kwa mwendo wa pedali. Mabadiliko hayo mawili yanaipandisha presha kwa zaidi ya theluthi mbili, na pedali nayo itasafiri zaidi kwa kiasi hichohicho ili kusukuma mafuta yaleyale. Kwa sasa una mwendo mwingi unaopotea, ndiyo maana unakanyaga mara mbili. Ukitoboa tundu jipya leo, pedali itagonga sakafu kabla breki hazijafikia nguvu. Kwa hiyo kazi inaanzia kwenye lile lalamiko ulilolitaja kwanza.

Wanaokula mwendo wa pedali ni wengi, lakini kwa gari lako nawashuku watatu, na unaweza kuwatenganisha mwenyewe uani. Egesha gari kwenye usawa. Kanyaga mpaka pedali iwe juu, achia, kisha kanyaga tena papo hapo. Ikiwa bado iko juu, ondoka ukanywe chai nusu saa bila kuligusa gari, halafu rudi ukanyage. Ikiwa sasa imeshuka, mafuta yamerudi kwenye kopo la masta wakati gari limesimama tu. Ikiwa haishuki gari likiegeshwa, lakini inashuka baada ya kupita barabara ya mashimo au kona kali, diski zinayumba na kusukuma padi nyuma. Na ikiwa kila mara mkanyago wa kwanza uko chini na wa pili unaofuata papo hapo uko juu, hata hujasubiri dakika mbili, viatu vya nyuma viko mbali na dramu.

Kwa maelezo yako, ya asubuhi, nitaweka shilingi yangu kwenye la kwanza. Ndani ya Hilux, masta hukaa juu kwenye ukuta wa injini, juu zaidi ya kalipa (vibanio vya padi), kwa hiyo mafuta hayana sababu ya kurudi. Wewe umeishusha chini ya sakafu, na sasa kopo liko chini ya kalipa za mbele. Usiku kucha mafuta yanateremka polepole, pistoni za kalipa zinarudi ndani kidogo, padi zinaachana na diski. Asubuhi mkanyago wa kwanza unarudisha tu yale yaliyoteremka. Fungua kifuniko cha kopo jioni na uweke alama. Ukikuta asubuhi mafuta yamepanda, huna haja ya ushahidi mwingine.

Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni vali ndogo ya kubakiza presha inayofungwa kwenye paipu karibu na masta: psi 2 kwa upande wa diski, psi 10 kwa upande wa dramu. Psi 2 inasikika kama si kitu, lakini inashikilia mafuta ya kimo cha zaidi ya mita moja, na gari lako halina kimo hicho kati ya kopo na kalipa. Kwenye dramu, zile psi 10 zinaziweka sili za silinda za magurudumu zikiwa zimebana ukuta ili hewa isinyonywe ndani pedali inaporudi. Usizibadilishe nafasi. Ukifunga ya psi 10 mbele, padi zitasugua diski muda wote, na utajua kwa harufu kabla hujafika Gilgil. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutorudisha masta ya asili ya Chevrolet: ilitengenezwa kwa dramu na vali yake ya kubakiza presha imo ndani. Vali za kampuni ya Wilwood huwa za buluu kwa psi 2 na nyekundu kwa psi 10, na zina mshale. Mshale uelekee gurudumu.

Ya pili ni kuhamisha kopo. Unaweka kopo la mbali juu kwenye ukuta wa injini, juu ya usawa wa kalipa, na kulishusha kwa mipira hadi masta. Kwa wewe uliye Nakuru, ambapo vali hizo lazima ziagizwe, hii inaweza kuwa rahisi zaidi. Inakusaidia pia kuongeza mafuta bila kulala chini ya gari. Sharti moja: mpira huo uwe wa mafuta ya breki. Mpira wa petroli utavimba na kumomonyoka ndani, na vipande vyake vitaenda kuziba vijitundu vya masta.

Mshukiwa wa pili usimpuuze. Ekseli za mbele za Chevrolet za miaka hiyo zilikuwa na beringi za gololi, na kwa dramu hazikuleta shida, kwani dramu ikiyumba milimita moja haisukumi kitu. Diski ikiyumba kidogo tu kwenye kona, inaisukuma padi na pistoni nyuma. Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza, usikaze nati ukaishia hapo. Wanaofunga diski kwenye ekseli hizi hubadilisha wakaweka beringi za rola zilizochongoka, nami naona ndivyo inavyopaswa.

Mshukiwa wa tatu ni wa dakika kumi: inua nyuma, zungusha kigurudumu cha meno cha kurekebishia mpaka viatu viguse, kisha urudishe meno machache mpaka dramu izunguke huku ikisugua kidogo tu. Nimeona watu wakibadilisha masta mbili mfululizo kwa ajili ya kitu hiki.

Ukiwa huko chini, mwambie mtu akanyage pedali kwa nguvu zake zote huku wewe unatazama vile vishikio vya kalipa. Vikijikunja hata kwa kiasi cha macho kuona, mwendo mwingine wa pedali umeupata hapo, na umepata pia jambo la kukunyima usingizi. Fikiria mzigo wenyewe. Gurudumu la mbele la gari la kilo 1,500, likisimama kwa nguvu, linabeba zaidi ya kilo 500. Tairi linavuta lami kwa umbali wa sentimita 35 kutoka katikati, kalipa inashika kwa umbali wa sentimita 12 tu, kwa hiyo kishikio kimoja kinavutwa kwa nguvu ya zaidi ya tani moja. Kipande cha bamba la milimita sita kilichokatwa kwa gesi hakina nafasi hapo. Nataka chuma cha milimita 12, matundu ya drili si ya moto, bolti za daraja la 10.9, na kusiwe na tone la weldi kwenye nako ya usukani, kile chuma kinachobeba gurudumu la mbele. Nako ni chuma kilichofuliwa. Weldi huifanya iwe kavu pembeni mwa mshono, na ikipasuka gurudumu linaondoka nayo. Kama fundi wako alichomelea, sehemu hiyo ibadilishwe. Hapo sina maneno ya kupunguza.

Mwendo ukishapatikana, toboa. Pedali yako ya sentimita 28 ikigawanywa kwa sita inataka fimbo ikae sentimita 4.7 kutoka pini. Ukilihamisha tundu, masta nayo lazima ihame, ili fimbo iingie ikiwa imenyooka. Ikiingia kwa pembe inasukuma pistoni upande na kula sili. Acha nafasi ya milimita moja hadi moja na nusu kati ya fimbo na pistoni pedali ikiwa imeachiliwa. Nafasi hiyo ndogo ina kazi kubwa. Ndani ya masta kuna kijitundu kinachounganisha paipu na kopo wakati mguu haupo. Mafuta yakipata joto huvimba na kurudi kwenye kopo kupitia hapo. Fimbo ikiwa inasukuma kidogo muda wote, kijitundu kimefunikwa, mafuta hayana pa kurudi, breki zinajishika zenyewe, zinazidi kupata joto, zinazidi kujishika. Dereva anadhani injini imeishiwa nguvu.

Tuje kwenye kule kuzunguka. Gari likifunga breki, uzito unahamia mbele. Chukua pikapu yako tupu, kilo 1,500 kwa makadirio yangu, yenye urefu wa mita 2.95 kati ya ekseli na V8 imekaa mbele: ikiwa imesimama, nyuma inabeba kama kilo 675. Ukisimama kwa nguvu kwenye lami kavu, zaidi ya kilo 200 zinaondoka nyuma na kwenda mbele, na nyuma inabaki na kama 450. Ekseli uliyofunga ilitoka kwenye Hilux, gari linalotarajiwa kubeba tani moja ya vitunguu, na silinda zake za magurudumu zimepimwa kwa kazi hiyo. Toyota walijua kwamba pikapu tupu ingekamata nyuma, ndiyo maana wakaweka ile vali yenye fimbo iliyoshikwa na ekseli: mzigo ukiwa mdogo, mwili unapanda, fimbo inashuka, presha ya nyuma inapunguzwa. Hiyo ndiyo uliyoitupa.

Na gurudumu la nyuma lililokamata halishiki upande wowote. Likikamata la mbele, gari linanyooka mbele bila kukubali usukani. Ni vibaya, lakini unajua unakwenda wapi. Likikamata la nyuma, mkia unataka kupita mbele. Kwa hiyo sharti moja halina mjadala: mbele ikamate kabla ya nyuma, kavu na maji.

Unaweza kuitafuta vali ile ya Hilux na kuirudisha, lakini springi na kimo cha gari lako si vya Hilux, hivyo kuirekebisha kutakutesa. Afadhali ununue vali ya kugawa presha ya kurekebishwa kwa mkono, uifunge kwenye paipu ya nyuma peke yake. Kwenye paipu ya mbele isifungwe. Anza ikiwa imepunguza kabisa, na uifungulie nyuma robo mzunguko kwa robo mzunguko wakati wa majaribio, mpaka nyuma ikaribie kukamata lakini mbele iwe imeitangulia. Jaribu na tangi likiwa karibu tupu na hakuna kitu nyuma, kwa sababu hiyo ndiyo hali mbaya zaidi.

Fundi wa tatu na diski zake za nyuma, basi, anataka kuongeza nguvu upande ambao tayari una nguvu nyingi kupita kiasi. Diski nyuma si haramu. Ila dramu za Hilux zina handbreki ya waya ndani yake, na ukiziondoa lazima utafute kalipa zenye handbreki ya kweli, isiyotegemea mafuta. Baki na dramu.

Busta? Fundi wa pili hajakosea kabisa. Pedali ya mara nne ni pedali ya busta, na 1UZ isiyoguswa kemshafti hutoa vakyumu ya kutosha. Ila busta ya Noah imekusudiwa kukaa kwenye ukuta wa injini. Chini ya sakafu, kati ya chesi na gia boksi, huna nafasi ya sufuria kubwa namna hiyo. Kuna busta ndogo za inchi saba zilizotengenezwa kwa magari ya aina hii, na hizo hutoshea. Ningekuwa mimi, ningeanza na pedali ya mara sita bila busta. Vipuri ni vichache, hakuna vakyumu ya kuvuja, na breki iko vilevile injini ikizimika. Ukiiendesha mwezi mzima ukaona mguu unachoka, au mtu mwepesi kuliko wewe ataliendesha, weka busta na urudishe pedali kwenye mara nne. Vyote viwili pamoja vitafanya breki ziwe kali kupita kiasi, magurudumu yakikamata kila ukigusa.

Jambo moja umelifanya vizuri bila kulisema. Masta ya Hilux ina vyumba viwili, mbele na nyuma kila moja na yake. Ya asili ilikuwa na chumba kimoja. Paipu moja ikipasuka, breki zote zimekwenda. Cadillac na American Motors waliweka vyumba viwili kuanzia magari ya 1962, na wengine wa Marekani wakafuata kabla muongo huo haujaisha. Usirudi nyuma ya hapo hata kwa mapenzi ya uasili.

Paipu sasa. Chuma cha breki cha 3/16, au aloi ya shaba na nikeli. Shaba nyekundu tupu ya friji inavutia kwa sababu inakunjika kwa mikono, lakini mtikisiko huifanya iwe ngumu mpaka ipasuke. Midomo ikunjwe mara mbili, na viungio vya pete vinavyobana paipu kwa nje viachwe kwa mafundi wa maji. Halafu kuna mtego ambao magari ya kuchanganya kama lako huutega: nati za Toyota ni za milimita 10, uzi wa milimita moja, na vitu vya Marekani huja na 3/8 yenye nyuzi 24 kwa inchi. Nati ya 3/8 inaingia kwenye tundu la milimita 10. Inazunguka vizuri, inakaza, unatoa upepo, hakuna kinachovuja. Siku utakayokanyaga kwa hofu, nyuzi chache zilizoshikana zinachomoka. Kabla ya kukaza, ingiza kila nati kwa vidole bila spana na uitikise: ikicheza kushoto na kulia, si yake.

Na usikubali kutengenezewa mpira wa breki kwenye duka la mipira ya haidroli ya trekta, hata kama muuzaji anakuonyesha kwamba unahimili presha mara tano ya hiyo. Presha unaihimili kweli. Ila ndani yake kuna raba ya kuhimili oili ya madini, na mafuta ya breki huila. Kwa sababu hiyohiyo, kinyume chake, tone la oili ya injini kwenye kopo la breki huzivimbisha sili zote za mfumo.

Unapotoa upepo, tazama zilipo skrubu za kutolea kwenye kalipa. Lazima ziwe juu kabisa. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia, skrubu inaelekea chini, hewa inabaki juu, na utamwaga chupa nne za mafuta ukitukana masta. Mafuta yawe DOT 4, chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishakunywa unyevu wa hewa, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. Pitisha macho pia kati ya paipu za ekzosi za V8 na masta chini ya sakafu. Vikiwa karibu kiasi cha kiganja, weka bati la kukinga joto.

Nasisitiza joto kwa sababu ya unakoishi. Kutoka Mau Summit kuteremka Sachangwan hadi Salgaa, nawe unajua barabara hiyo imekula magari mangapi, breki hazipigani na mwendo tu, zinapigana na kimo. Kilo 1,500 zikishuka mita 300 zinaacha joto sawa na kusimama kwa ghafla mara saba na nusu hivi kutoka kilomita 100 kwa saa, na hakuna nafasi ya kupoa katikati. Ushuke na gia ambayo ungepandia. Pedali ikianza kuwa laini njiani, hayo ni mafuta yanachemka. Ikibaki ngumu lakini gari halipungui, padi zimezidiwa. Vyote viwili dawa yake ni kuegesha pembeni na kusubiri, si kumwagia maji diski.

Majaribio yaanzie uwanjani, kilomita 20 kwa saa, kisha 40, mtu mwingine akitazama kutoka pembeni ni gurudumu gani limekamata kwanza. Padi mpya zizoeshwe kwa kupunguza mwendo mara kumi hivi kutoka 50 hadi 10 bila kusimama kabisa, ukiziacha zipoe katikati.

Kuna mambo ambayo sitayamaliza kwa maandishi. Vishikio vya kalipa avione mhandisi wa mitambo au fundi mwenye leth (mashine ya kukereza chuma) anayeheshimika, kwa mkono wake, kabla gari halijagusa lami. Nati yoyote inayolowa mafuta baada ya kukazwa, gari linalovuta upande mmoja, au pedali inayozama polepole ukiishikilia kwenye taa: usiendelee kurekebisha peke yako. Injini umeibadilisha, kwa hiyo utapita NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili logbook isome injini mpya. Tumia ukaguzi huo kwa faida yako. Omba wakupimie kwenye rola na uangalie namba za kila gurudumu, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Na mwenye bima aambiwe gari limebadilishwa nini, kwa maandishi, kabla ya ajali badala ya baadaye.

Fanya lile jaribio la nusu saa kwanza. Kisha niandikie mambo matatu: pedali ilishuka au haikushuka, kopo lilipanda kiasi gani asubuhi, na picha ya kishikio cha kalipa kutoka upande wa ndani, mshono wowote wa weldi ukionekana.